Kitenzi Kilichoimbwa na Ukoo Mzima

Nafundisha Kihispania majumbani mwa watu hapa Lubumbashi, na kila mwanafunzi namwambia asiogope hali ya masharti. Chukua kitenzi cha kawaida kizima, usikate kitu, ongeza mwisho tu. Hablar inakuwa hablaría, ningezungumza, hablarías, ungezungumza, hablaríamos, tungezungumza. Comer, kula, na vivir, kuishi, zinafuata njia ileile. Hata aliyechoka anaweza.

Mwaka jana nilimfundisha binti mmoja wa mtaa wa Hewa Bora. Masista wa Hispania walikuwa tayari kumpokea katika shule yao ya uuguzi, mradi kwanza wamsikie kwa video ya simu. Nikamfundisha kama sisi tulivyofundishwa vitenzi vya Kifaransa shuleni: kwa kuimba. Sebule ilikuwa ndogo, kwa hiyo mama yake, shangazi na wajomba waliimba pia. Haikuchukua muda, shangazi akawa anaimba vivir huku akichambua matembele, bila kosa, kumpita binti mwenyewe. Nilijipongeza. Nilikuwa naelimisha ukoo mzima kwa bei ya mtu mmoja.

Siku ya mahojiano ukoo ulivaa nguo za misa, ukaketi nyuma ya simu. Sista mzee akauliza kwa upole: ungeishi mbali na familia yako?

Kabla binti hajafungua mdomo, sebule ikaitika: "Viviría, vivirías, viviría..." Wakamaliza safu yote, shangazi akiongoza kwa mkono. Sista akangoja, kisha akasema angependa kusikia sauti moja.

"Ba mama, ba shangazi, muniache kidogo," binti akasema. "Banauliza miye."

"Na shiye? Si shiye njo tulikufundisha!" shangazi akamjibu, kana kwamba wao wote ndio walimu wake.

Binti akachukua simu, akatoka uani. Tulimsikia kupitia dirisha. "Viviría," alisema. Halafu, kwa Kihispania chenye makosa mengi ambayo sikumfundisha, akaeleza kwamba angelia, na bado angebaki asome.

Alipokelewa papo hapo. Watu walipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Mama peke yake ndiye aliyenivuta pembeni.

"Mwalimu, ile neno alisema, maana yake nini?"

Katika jioni zote zile hakuna aliyewahi kuuliza. Nikamweleza polepole: ningeishi. Huko, bila ninyi.

"Kumbe njo tulikuwa tunaimba hivyo?"

Akatazama uani, ambako binti alikuwa bado amesimama na simu mkononi. Kisha akaniuliza kama Hispania kuna baridi sana.