Mwiko na Kanisa la Popo

Jina la utani walimpa Mwiko, kwa kuwa chombo hicho cha kupigia plasta hakikumtoka mkononi, na ulimi wake nao ulikuwa na makali. Mwanamke huyu alirithi uashi kwa baba yake. Kaka yake mkubwa alirithi kazi ya kupiga kengele katika kanisa dogo la kale pale kilimani. Waumini walipohamia kanisa jipya, kengele ikanyamaza, paa likabonyea, popo wakafanya makao. Kaka akabaki na funguo.

Wenye kanisa walipokubali ligeuzwe ukumbi wa mtaa, watoto wa chekechea wapate pa kusomea, kazi ya kulikarabati alipewa Mwiko. Kaka akagoma kutoa funguo. Mwiko akavunja kufuli kwa nyundo, mchana kweupe, majirani wakitazama.

"Unageuza nyumba ya Mungu kuwa banda la michezo!" kaka alifoka mlangoni.

"Popo waliponyea madhabahu, ulikuwa wapi, kaka?"

"Usiniite kaka."

"Haya. Nipishe, bwana mlinda popo."

Watu wakaangua kicheko, na kicheko hicho kilimchoma kaka kuliko tusi. Tangu hapo hakuitikia salamu ya dada yake, na nusu ya mtaa wakamuunga mkono. Mwiko akipita, wanatema mate. Plasta aliyoipiga leo, kesho aliikuta imepakwa mavi. Aliibandua akapiga upya, akitukana kwa sauti ili kila mwenye masikio asikie. Nyumbani alilia, lakini hilo hakumwonyesha mtu.

Ukumbi ulifunguliwa, wakaja wachache. Kisha mvua ikanyesha mfululizo, mto ukafurika, nyumba za bondeni zikajaa maji. Wale waliotema mate wakapanda kilima na mabunda yao na watoto. Wa mwisho alikuwa kaka, godoro kichwani, mkewe nyuma.

"Wifi, tunaweza kuingia?" mkewe aliuliza.

"Wewe ingia, wifi yangu. Huyo aseme mwenyewe."

Kaka alitazama chini. "Sina pa kwenda."

"Pita."

Alitandika godoro kwenye kona ya mbali, akapapasa sakafu. "Ina baridi."

"Basi rudi majini."

Hakurudi. Walikaa chini ya paa moja bila kusemezana hadi maji yalipopungua. Siku ya kuondoka, mkewe alimkumbatia Mwiko kwa nguvu. Kaka alijitwika godoro lake, akapita mbele ya dada yake bila kuaga. Mwiko akachukua ufagio, akafagia pale alipolala kaka.