Safari ya Miguu Kupitia Izigo

Asubuhi ya kuondoka, Mama aliniita kabla sijafunga begi. Alikuwa amekaa kitandani, katika chumba cha nyuma cha nyumba yangu ya Rwamishenye, Bukoba mjini, mguu wake mbaya ameunyoosha juu ya mto. Aliniuliza safari hii wageni nitawapitisha wapi. Nikamwambia tutapanda Kamachumu, tutatembea juu ya majabali, halafu tutateremkia Izigo. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiikwepa Izigo kama mtu anayekwepa nyumba yenye mbwa mkali, ila mara hii mvua ilikuwa imebomoa njia ya upande wa pili. Mama akaurekebisha mto chini ya mguu.

"Basi muulize huyo mtu," akasema, "kama ataniruhusu nilale na baba yako."

Huyo mtu ndiye aliyenunua kibanja chetu cha Izigo. Kwetu kibanja ni shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, na humo humo ndimo tunamozikana. Baba alizikwa kibanjani, upande wa nyuma ya jiko, na Mama alijua tangu siku ile kwamba nafasi ya pembeni ni yake. Alipoanza kuugua mguu nikamleta mjini awe karibu na hospitali. Akiwa huku, baba mdogo akauza. Sisi tuliambiwa mambo yakiwa yamekwisha. Ukoo ulikaa kikao, wazee wakakohoa, wakasema tusiaibishane mbele za watu, wakaenda zao. Baba mdogo alihamia Mwanza, akafia huko. Kaburi lake limewekwa vigae vyeupe, nimelitazama kwa macho yangu, na chozi halikunitoka. Bado nina hasira naye mpaka leo, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Kazi yangu ni kuongoza watalii wanaotaka kutembea kwa miguu. Wageni wa safari hiyo walikuwa mke na mume, wastaafu wote wawili, waliokuwa wamekwisha kutembea huko Peru kati ya magofu ya Wainka. Mke alikuwa mwema, lakini Peru haikumtoka mdomoni. Kila tulipokaa kupumzika nilisikia habari za mawe yaliyochongwa yakashikana hata wembe haupenyi, na milima ambayo hewa yake haitoshi kifua. Mume alikuwa mtu wa kimya, goti lake likimsumbua, na nilimpenda kwa sababu hiyo.

Tulipofika kwenye kikale cha kwanza, yaani mahali palipokuwa na makao ya mfalme wa zamani, mke aligeuka huku na huku akaniuliza ukuta uko wapi. Swali hilo huulizwa na kila mgeni, nami hulijibu kwa sauti ile ile ya mtu aliyechoka kuulizwa. Nilimwambia wafalme wetu walijenga kwa miti na nyasi. Mfalme akifa, nyumba huachwa inyeshewe mpaka irudi udongoni. Kinachobaki ni miti iliyopandwa kwa makusudi, na wa maana zaidi kati ya hiyo ni mlamula. Ni mti mwembamba wenye majani marefu kama mapanga, na Mhaya huupanda penye mpaka au penye kaburi. Haufi upesi. Ukiukata unachipua, ukichoma shamba unachipua, watu wa nyumba wakihama, wenyewe unabaki umesimama pale pale. Nikamwonyesha ile iliyokuwa imejipanga kwenye vichaka, hapa lango, pale uzio wa ndani, kule alipolazwa mtu. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema sasa anaona, na nadhani aliona kweli.

Baada ya hapo akawa mwanafunzi wangu. Tulipokuwa tukipanda kuelekea Kamachumu, katika ukungu uliotufunga mpaka nikawa simwoni mumewe aliyekuwa nyuma yangu, yeye ndiye aliyekuwa akisimama na kunyoosha fimbo: mlamula ule, na ule. Juu ya majabali baridi ilituingia mifupani. Chini yetu kulikuwa na ziwa, lakini siku nzima hatukuliona, tulisikia upepo tu ukipanda kutoka huko. Mume aliteleza akaumia kiwiko. Tulilala kwenye nyumba ya wageni ya kanisa, nguo zikagoma kukauka, na tulipoamka tulizivaa hivyo hivyo. Wageni walisema safari ni nzuri sana. Mimi nilikuwa nawaza Izigo.

Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia yule mtu. Mengine yalikuwa ya heshima na mengine hayakuwa. Nilitegemea atanifukuza, na nusu ya moyo wangu ilitaka anifukuze, ili nipate wa kumchukia aliye hai.

Tuliteremka Izigo jua likiwa limetoka. Nyumba yetu haikuwepo. Mahali pake palikuwa na nyumba ya tofali yenye bati jipya, imejengwa hatua chache zaidi kuelekea barabarani. Mwenye shamba alitoka akifuta mikono, mtu wa makamo, mdogo kidogo kwangu kwa umri, Mlutheri kama sisi, nilimjua kwa kalenda ya usharika iliyotundikwa ukutani. Alitukaribisha ndani. Mkewe alileta kamwani, buni zile za kutafuna, kwenye kikapu kidogo. Mwenye shamba alichukua yake kwanza akaitia mdomoni, kama inavyotakiwa, mgeni aone kwamba hakuna ubaya ndani, kisha akanipa mimi kabla ya wageni. Nikatafuna. Huwezi kumtukana mtu na kamwani yake iko mdomoni mwako, kwa hiyo maneno yangu mabaya yote niliyameza pamoja nayo.

Nikamweleza mimi ni mtoto wa nani. Nikamweleza ombi la Mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa.

"Mlete, waitu," akasema, kwa neno letu la heshima. "Nani atamzuia mwanamke kulala na mumewe? Ila nionyeshe mzee yuko wapi. Mimi nilipouziwa niliambiwa humu hamna mtu."

Nilicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Nikamwambia hilo ni jambo dogo, pana milamula minne, nimeipanda mimi mwenyewe na ndugu zangu. Akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda, akasema twende.

Tulizunguka nyuma. Nilichokutana nacho ni shamba la mtu mwingine. Mnyauko ulikuwa umepita kwenye migomba, kama ulivyopita wilaya yote ya Muleba, naye alikuwa ameing'oa yote na kuifukia, akapanda upya kwa mistari ya kitaalamu. Mtoma wetu mkubwa, mti wa kivuli uliokuwa karibu na jiko, ulikuwa umekatwa na kisiki kuchomwa. Nilitafuta jiko nikakosa hata jiwe moja la mafiga. Nilitafuta milamula. Nilitembea kutoka mpaka mmoja hadi mwingine nikiangalia chini, kwa sababu mlamula ukikatwa unachipua, na mimi ndiye ninayewafundisha hivyo watu wanaovuka bahari kuja kusikia.

Mwenye shamba alinifuata kwa mbali. Mwishowe akasema kwamba siku ya kwanza alipokuja kukagua, kabla hajanunua, alikuta mashimo manne yamefukiwa karibu karibu, udongo bado mbichi. Aliuliza, akajibiwa ni mashimo ya kahawa iliyokufa. Baadaye alilima akayasawazisha, na sasa hawezi kusema ni upande upi.

Ndipo nikaelewa. Hakuna Mhaya anayenunua kibanja chenye kaburi la watu wengine kwa moyo mweupe, anajua ipo siku wenye mtu wao watarudi. Baba mdogo hakuikata ile milamula. Aliing'oa na mizizi. Alichukua jembe, akainama juu ya kaka yake aliyemlipia ada ya shule, akamfuta.

Yule mke wa mgeni alikuwa amekuja akasimama karibu nami. Hakujua tulichokuwa tunazungumza, maana tulichanganya Kihaya na Kiswahili. Alitazama shamba lote, kwa bidii, kama nilivyomfundisha. Kisha akaniuliza kwa upole: milamula iko wapi?

Nilimwambia tuondoke, tuna safari bado.

Rwamishenye nilimweleza Mama kwamba mwenye shamba amekubali ila kaburi sikuliona; mashimo, mtoma na jiko sikuvitaja. Alinidharau waziwazi. Akasema mimi nilikuwa mtoto wa kupanda miti ya kahawa na kukimbia, ningejuaje, yeye ndiye aliyekuwa akipalilia pale kila Jumamosi. Kutoka mlango wa jiko unaenda hadi kivuli cha mtoma kinapoishia saa za mchana, unageukia upande wa ziwa, umefika. Nimpeleke tu. Nilikodi gari la mtu wa Kahororo, tukamweka kiti cha mbele na mguu wake, na njia nzima alikuwa mchangamfu kuliko nilivyomwona tangu augue. Alivaa kitenge chake kizuri. Nilitaka kumwambia dereva ageuze.

Mwenye shamba alimpokea kwa heshima zote, akamsalimu akiwa ameinama, akampa mkono wa kumshikilia. Mama alisimama nyuma ya ile nyumba ya tofali, akatafuta mlango wa jiko. Akaenda kidogo na fimbo yake, akasimama. Akarudi. Akauliza mtoma uko wapi, nikamwambia umekatwa. Akauliza kisiki, nikamwambia kimechomwa. Akaangalia upande wa ziwa, migomba mipya ilikuwa mirefu, ziwa halikuonekana. Alijaribu tena kuanzia upande mwingine, midomo ikimcheza, akihesabu kitu anachokijua yeye. Mwenye shamba alisema taratibu, popote mama atakapochagua yeye hana neno. Alikuwa anamaanisha wema. Mama alimgeukia kama mtu aliyepigwa.

"Nichague?" akauliza.

Alikaa chini, pale pale kwenye majani makavu ya migomba, na hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Alikuwa akiupapasa udongo uliokuwa karibu na goti lake, kisha ulio mbali kidogo, kama mtu anayetafuta sindano gizani. Tulimwinua tukamrudisha garini.

Tulikaribia mjini. Nilijua anawaza, maana alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kitenge. Nikamwambia mwenye shamba hajakataa, bado tunaweza kumweka humo humo kibanjani, atakuwa na Baba shamba moja.

"Hapana," akasema. "Mnizike makaburi ya hapa mjini, na watu nisiowajua. Uniwekee sementi nene, mwanangu. Asije mtu akaniuza na mimi."

Alinitaka niinunue mapema, nikiwa bado na akili yangu, kwa sababu kwenye msiba watu huchanganyikiwa. Nilibisha, nikashindwa. Mifuko iko kwenye korido, nyuma ya mlango wa chumba chake, nimeipandisha juu ya mbao isishike unyevu. Bukoba mvua haiishi na sementi huganda upesi, nimeshalazimika kuibadilisha. Kila asubuhi, akienda kunawa, Mama husimama pale na kuibonyeza kwa ncha ya fimbo, mmoja baada ya mwingine, kuona kama bado ni laini.