Machozi ya Mwandishi

Mwandishi wetu huyu ana utaratibu wa kulia: huvua miwani, huifuta, ndipo machozi yanapopewa ruhusa. Hadithi zake fupi, zote za kumlilia mama na kukumbuka kwao, huziandikia Tokyo. Huku kijijini hakanyagi. Obon ya mwaka huu, sikukuu ya roho za marehemu kurudi nyumbani, alikuja na mpiga picha. Akatua mkoba wake juu ya jiwe la kaburi la jirani, na kwa vidole vyake laini akaosha jiwe la kaburi alilolichagua, akawasha ubani, akanong'ona, "Mama, nimerudi." Kisha akamgeukia mpiga picha: "Turudie, jua limenipiga usoni." Huku sote ni ukoo mmoja, mawe yote ya makaburi yana jina moja, mimi mtunzaji nayajua kwa kuyapalilia. Nikamwambia, "Bwana mwandishi, huyo unayemlilia ni babu yangu, mzee wa pombe. Mama yako ndiye huyo uliyemwekea mkoba kichwani."