Mlango wa Udongo Kwenye Mtarakwa

Wakati wazungu walikuwa wanauza mashamba na sisi tunanunua kwa vikundi, Mama alipata kipande chake upande wa Moiben: majani, mawe na mti mmoja. Mti wenyewe ulikuwa mtarakwa. Nikisema kivuli chake cha asubuhi kilifika Eldoret mjini mtaniita mwongo, basi niseme kiliishia njiani.

Mama hakuuona kama mti. Aliuona kama nyumba ambayo haijapasuliwa. Mtarakwa hauliwi na mchwa, unapasuka vizuri, na ule mmoja ungetoa nguzo zote na mbao za kufunika mapengo. Wakati huo yeye na dada zangu wawili wadogo walikuwa wanalala kwenye kibanda cha nyasi kilichovuja hata umande. Mvua kubwa ilikuwa inakuja. Ikiwakuta humo, Mama alisema, atafunga virago arudi kwa shangazi, na watu watamcheka kwamba alinunua shamba la kutazama.

Mimi nilikuwa mjini, mchana nabeba mizigo kwenye duka la vyuma, jioni niko darasa la watu wazima, lile tulikuwa tunaita ngumbaru. Jumamosi nilikuwa napanda baiskeli kwenda kumsaidia. Jumamosi moja nikakuta fundi aliyeitwa kuukata mti ameweka shoka chini.

“Mbona hukati?” nikamuuliza.

“Angalia juu,” akasema. “Pale mti umegawanyika.”

Nikaangalia. Juu kabisa kulikuwa na shimo, na shimo limezibwa kwa udongo, limepigwa plasta safi kuliko ukuta wa benki. Katikati kumeachwa ufa mwembamba.

“Hiyo ni asali ya mtu,” fundi akasema. “Huku unaweza kununua shamba, lakini asali iliyowekwa alama ni ya mwenyewe. Mimi siangushi asali ya watu.”

Mama, ambaye alitaka kuishi vizuri na majirani wapya, alisema sawa, mwenye asali atafutwe, aivune, ndipo mti ukatwe. Kosa lake ni kwamba aliuliza kwa sauti pale sokoni.

Wa kwanza kufika alikuwa mzee jirani yetu, mwenyeji wa hapo, aliyekuja na kibuyu tayari mkononi. Macho yake hayakuwa yanaona mbali tena lakini aliyainua kwa heshima. “Mama, hiyo ni yangu. Nimeziba mimi. Asali nyeupe, ukilamba unasahau jina lako.”

Kabla hajamaliza, mwenye duka la pale senta akatokea. Yeye alikuwa mtu wa kutoka kwetu, na zamani alikuwa anamkamulia ng'ombe mzungu wa shamba hilohilo. Alikuja na ndoo.

“Mzee, wacha utani. Hilo shimo nimeziba mimi nikichunga ndama.”

“Wewe? Wewe uliogopa hata siafu!”

“Na wewe ulipandaje na hilo goti?”

“Goti lilikuwa zima wakati huo!”

Mama akawatuliza, akamuuliza kila mmoja mbele ya fundi: “Una hakika huo udongo ni wa mkono wako?”

“Mkono huu huu,” akasema mzee.

“Naapa,” akasema mwenye duka.

Wakabishana mpaka jua likaanza kushuka, na mimi nikaenda kujilaza chini ya mti, maana udadisi ulikuwa unaniwasha kuliko upupu. Nilitega sikio kwenye shina. Ngo, ngo, ngo. Nikashangaa: nyuki gani hawa wanabisha hodi? Mara likaja dege jeusi lenye tumbo jeupe na mdomo kama panga lililobebeshwa kofia. Mabawa yalipiga kelele kama bati linaloburutwa. Likatua kando ya ufa, likacheua tunda jekundu kutoka kooni, likaliingiza ndani. Likacheua lingine. Na lingine. Koo hilo lilikuwa na duka zima la matunda.

Nikakimbia kwa wale wawili. “Kuna ndege anaharibu asali yenu!”

“Asali yangu,” wakasema pamoja.

Ikaamuliwa nipande mimi, kwa sababu goti langu halikuwa na historia. Mama akanipa gome linalofuka moshi, fundi akanifunga kamba, nikapanda. Mti ule ukiupanda unapita hali ya hewa tatu. Nilipofika, nikagusa udongo kwa ncha ya kisu, taratibu, na jicho langu karibu na ufa.

Ndani kulikuwa na jicho lingine.

Halafu mdomo ukachomoka, ukanipiga kidole. Nilishuka bila kugusa tawi hata moja, na fundi mpaka kesho anasema kamba ilifika chini baada yangu. Lile gome nilikuwa nimelitupa zamani, na Mama alikuwa anakanyaga moshi.

“Kuna mama ndani!” nikapiga kelele. “Amejifungia! Yule wa nje ni bwana yake, anamletea chakula!”

Mzee alicheka mpaka akakaa chini na kibuyu chake. “Hondohondo! Wee! Nimedai bibi ya mtu!”

Mwenye duka hakucheka. Akatazama mawingu upande wa Cherangani. “Basi hakuna asali, hakuna mwenyewe. Kata, Mama. Ndege ni ndege.”

Kweli mawingu yalikuwa meusi. Dada zangu walikuwa wamesimama mlangoni mwa kibanda, na kibanda chenyewe kilikuwa kimeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza. Fundi akaokota shoka, akamngoja Mama.

Mama akaangalia juu muda mrefu. “Nani alisema huo mlango ni wa mkono wake?” akauliza.

Mwenye duka akaweka ndoo yake chini.

“Nyinyi wawili mmeapa mbele ya fundi. Kwa hivyo mimi nimezuiwa kukata mti wangu na mlango wenu, na huyo aliye ndani ni mgeni wenu. Sasa niambieni wenye mlango, mimi na watoto tutalala wapi?”

Mzee akajikuna kichwa. Akaniangalia, akaangalia kibuyu. “Nina nguzo za mtarakwa,” akasema polepole. “Nilipasua za boma la ng'ombe. Ng'ombe wanaweza kungoja.”

Mwenye duka akashtuka kama mtu aliyeshindwa mnada. “Nguzo bila paa ni nini? Mimi nina mabati yaliyobaki duka likijengwa.”

“Yana kutu.”

“Hata wewe una kutu!”

Walibeba wakigombana, wakachimba mashimo wakigombana, na nyumba ilisimama wakigombania nani amesimamisha nguzo ya mlango. Mvua ilipofika ilipiga yale mabati kama magunia ya mahindi yanamwagwa, na Mama alikuwa ndani, amekaa kwenye kigoda, anasikiliza tu.

Mvua ikiendelea, asubuhi moja tulikuta vipande vya udongo chini ya mti, na juu kuna ndege mkubwa mchafu wa manyoya na kinda anayelia kama punda mdogo. Mama hakuita fundi. Msimu uliofuata mlango ulizibwa tena.

Mzee akipita na kibuyu chake alikuwa anasimama barabarani: “Mama! Asali yangu imeiva?”

“Bado, Mzee,” Mama anajibu kutoka kwenye nyumba yake. “Bado inalishwa.”