Kishikwambi Nilichomchagulia Bosi

Hasira niliyonayo sina wa kumpelekea, kwa sababu kosa ni langu.

Nauza kwenye duka la pembejeo hapa Kilosa mjini. Bosi wangu, mama mkali, ruhusa anatoa kwa ugonjwa na msiba tu. Wiki iliyopita alinituma duka la simu kule Magomeni nimchagulie kishikwambi kidogo cha kumkumbusha mambo yake.

"Dada, beba chochote, vyote vinafanana," muuzaji akaniambia.

Nikamjibu kwamba kifaa kinachaguliwa kwa kazi yake, siyo kwa rangi. Nikajaribu vitatu. Kwenye kila kimoja niliandika jambo langu la kweli, nione kinavyokumbusha: "Ijumaa saa nne. Mwambie bosi mtoto anaharisha. Nenda Mikumi, sherehe ya sendofu ya mdogo wangu." Nikachukua chenye herufi kubwa kuliko vyote, maana macho ya bosi yameanza kuchoka. Nikamkabidhi, akanisifu.

Kufuta sikukumbuka.

Ijumaa nikaingia ofisini kwake, mtoto mgongoni, nimevaa uso wa huzuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Neema. Kulikoni?"

"Mtoto anaharisha tangu jana. Naomba ruhusa nimpeleke hospitali."

Neema mwenyewe alikuwa anatafuna andazi na kucheka. Bosi hakumtazama. Alikigeuza kishikwambi pale mezani ili nisome.

"Humu umeandika saa nne," akasema. "Sasa hivi ni saa tatu na nusu. Rudi kaunta umalizie nusu saa yako, ndipo uje unidanganye."