Maombi Kabla ya Dakika Yangu

Hasira zangu ni za karibu, na kazi niliyochagua haikunisaidia. Nilikuwa mwendesha baiskeli wa mbio za saa, zile mnazoachiliwa mmoja mmoja, kila mtu na dakika yake. Nambari yako ikiitwa na hupo, saa inaanza bila wewe. Haiulizi ulikuwa wapi.

Mama yangu hakutaka hata kusikia habari hizo. Alikuwa na duka la vitambaa Dagoretti Corner, na kila nikipita hapo asubuhi nikitoka mazoezini alikuwa anageuza uso. "Mtu mzima na ndevu zake, na suruali ya kubana! Watu wakiniuliza unafanya kazi gani, niwaambie nini?" Kwake kazi ilikuwa ualimu, benki, ama ofisi ya serikali. Iliniuma sana. Medali nilikuwa nazo, lakini baraka zake nilizitaka zaidi.

Ikafika Jumamosi ya mchujo. Nafasi ya kwenda mashindano ya Afrika ilikuwa moja tu, na timu yetu ilikuwa imetuambia wazi kwamba atakayeipata ndiye atakayeongezewa mkataba. Umri wangu ulikuwa umeenda. Nikiikosa, basi, nirudishe baiskeli ya timu, nirudi nyumbani nikauze vitambaa.

Nikiwa nasukuma baiskeli kuelekea jukwaa la kuanzia, nani huyo? Mama! Amejifunga kitambaa chake cha kanisa, na nyuma yake wenzake wawili wa chama cha akina mama. Wueh! Nilitaka kulia.

"Nimekuja kukuombea," akasema.

"Asante, Mama, lakini naitwa sasa hivi. Omba fupi, tafadhali."

"Haraka haraka haina baraka, mwanangu. Funga macho."

Haya, wewe ungefanya nini? Kwetu mzazi akishaanza kuomba hakatizwi. Chapati zimewahi kuungua jikoni, sote tunanusa, na hakuna aliyefumbua jicho. Mama akaweka mkono juu ya helmeti yangu, mwenzake mmoja akanishika bega, mwingine akashika kiti cha baiskeli. Akaanza na shukrani. Akashukuru kwa mvua, kwa walioamka salama, kwa barabara na walioijenga. Nikafumbua jicho moja kumtafuta kocha, maana kazi yake ilikuwa kunifikisha jukwaani hata kwa kunivuta. Kocha alikuwa amevua kofia, ameinamisha kichwa, anasema, "Ndiyo, Bwana." Ningekuwa na mkono huru ningemrushia chupa ya maji.

Nambari yangu ikaitwa kwenye spika. Mama akahamia Kikamba, na Mama akihamia Kikamba ujue hata katikati hajafika. Ikaitwa tena. Kisha nikamsikia mwamuzi akihesabu, tano, nne, tatu, kwa jukwaa lisilo na mtu. Nikasema "Amina!" kwa nguvu, nikidhani atashtuka. Aliona nimeguswa na Roho, akaongeza bidii.

Halafu sauti yake ikashuka. "Bwana, huyu nilimkataza miaka yote hii. Nisamehe. Ibariki kazi yake." Maneno niliyoyangoja tangu ujana yalikuwa yananikuta hapo, saa inakimbia, na sikuwa na la kufanya ila kusimama na machozi yangu ndani ya miwani.

Alipomaliza niliruka kwenye baiskeli nikaenda kama mtu aliyeitiwa mwizi. Sijawahi kuendesha vile, na haikusaidia. Nilikuwa wa pili, na pengo lilikuwa dogo kuliko zile shukrani za mvua peke yake. Kocha alitazama viatu vyake.

Mama akaja mbio na leso mkononi. "Umekuwa wa ngapi?"

"Wa pili, Mama."

"Wa pili! Haleluya!" Wenzake wakapiga vigelegele mpaka watu wakageuka. Akanipangusa uso, akashika usukani wa baiskeli kwa mkono mmoja, akawa anawaambia watu asiowajua, "Huyu ni wangu, huyu." Kisha akanisogelea. "Mbio zijazo nitakuja mapema, tuombe vizuri, tusikimbizane."

"Sawa, Mama," nikamwambia.

Fundi wa timu alikuwa amesimama kando yetu, anangoja Mama aachilie usukani aichukue baiskeli yao.