Sakafu Ilipokuwa Ikiiva

Nyumba yetu ilikuwa ndani kabisa ya mji, kwenye kichochoro ambacho punda wawili wenye mizigo hawakuweza kupishana. Masika mawili mfululizo ilituvujia. Masika ya kwanza maji yaliingia chumba kimoja tu, tukayakinga kwa masinia. Ya pili, pande la chokaa lilianguka juu ya kitanda cha bibi yangu, mama wa baba, naye kwa bahati alikuwa ameinuka kwenda kutawadha. Baada ya hapo baba hakuhitaji kushauriwa na mtu. Akasema sakafu yote ya juu, ambayo ndiyo paa letu, ibomolewe, ijengwe upya kabla ya masika mengine.

Siku hizo mama alikuwa Bububu kwa dada yake aliyejifungua, kwa hiyo jiko liliniangukia mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba au karibu na hapo, na nilikuwa mtu wa pupa. Ngazi nilizipanda mbilimbili. Chakula nilikimeza. Kofia za vitobo nilizomshonea baba zilikuwa na vitobo vikubwa upande mmoja na vidogo upande wa pili, kwa sababu nilipofika nusu nilikuwa nataka tu imalizike. Na ikishamalizika nilikaa nikipiga miayo. Kwamba hayo mawili hayapatani, sikuwahi kulifikiria.

Mafundi waliweka boriti mpya, wakapanga mawe juu yake, wakamwaga chokaa na kokoto, wakaondoka. Ndipo walipokuja wapiga sakafu.

Nawaeleza kidogo, kwa kuwa vijana wa leo wengi hawakuwaona. Walikuwa watu ishirini na kitu kutoka Ng'ambo, upande wa pili wa daraja, wanawake wengi kuliko wanaume, na wengi wao walikuwa wamezaliwa utumwani mashambani, sasa wakifanya kazi kwa hiari yao. Kila mmoja alikuja na fimbo yake fupi, iliyochongwa bapa upande mmoja. Walichutama safu mbili wakaelekeana, wakaipiga chokaa mbichi taratibu, wakinyunyiza maji, wakisogea shubiri kwa shubiri, tangu asubuhi mpaka alasiri. Chokaa haikai vizuri bila ya kupigwa hivyo siku kumi, kumi na mbili, hata zaidi, mpaka ishikane iwe kitu kimoja na maji yasipate pa kupita. Na muda wote huo wakiimba.

Mimi nilisikia kelele tu. Siku ya kwanza nilijitia pamba masikioni. Siku ya pili nilimwambia bibi yangu kuwa kichwa kitanipasuka, akaniambia, "Kichwa chako hakina cha kupasuka, kapike."

Chakula cha wale watu kilikuwa juu yetu. Siku ya tatu nikapika wali kama nilivyofanya kila jambo. Mchele sikuuchagua, nikaupitisha kwenye ungo mara moja nikautia chunguni, na kabla haujakaukia vizuri nikaupakua, nikaupeleka mpaka mlango wa juu, nikaweka chini, nikashuka mbio.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nakuna nazi, bibi yangu amekaa kwenye mkeka anachambua mchicha, mara nikamwona mabega yanamtikisika. Alikuwa anacheka.

"Unacheka nini, bibi?"

"Husikii wanachoimba?"

"Nnasikia wanapiga."

"Toa hiyo pamba. Nenda juu ukasikilize."

Nikatoa pamba, nikapanda. Nilisimama nyuma ya mlango wa juu, ukiwa wazi kidogo. Sauti moja ya mwanamke ilitangulia, kavu, haina mapambo, na wengine wote wakaipokea pamoja na fimbo:

Wali una mchanga, wali una kiini,
meno nimeyavua, nimefunga kangani.

Uso ulipata moto. Nilitaka kushuka, lakini miguu haikushuka, kwa sababu palikuwa na kitu kilichonishangaza kuliko yale maneno. Mwishoni mwa kila ubeti fimbo zote zilinyamaza kwa muda wa pumzi moja, kisha zikaanguka tena pamoja. Hapakuwa na mtu aliyehesabu, wala aliyetoa ishara. Wengine walikuwa wakitazamana, wengine wanatazama chokaa, mmoja alikuwa anamnyonyesha mtoto huku mkono wa pili unapiga. Lakini zilianguka pamoja. Nikangoja ubeti wa pili nijue siri yake iko wapi. Sikuiona. Nikangoja wa tatu.

Aliyekuwa akitangulia kuimba ndiye mkubwa wao. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, pengo mbele, mikono imekuwa nyeupe kwa chokaa mpaka viwikoni. Aliniona.

"Karibu, mwanangu. Umekuja kutuletea meno yetu?"

Wakacheka wote, na mimi, sijui kwa nini, nikacheka.

"Samahani kwa wali," nikasema.

"Wali tushaula."

"Nnataka kuuliza kitu. Mnajuaje pa kuanza tena? Nani anawaambia?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa anajuaje kumeza mate. "Hatuambiwi. Njoo upige." Akamnyang'anya jirani yake fimbo, akanipa.

Nikachutama kati yao. Nilipiga mara tano, na mara zote tano fimbo yangu ilianguka peke yake. Nikaongeza nguvu, ikawa mbaya zaidi. Maji ya chokaa yalinirukia mkononi yakaniwasha.

"Unatangulia," akasema yule mwanamke. "Fimbo haijashuka, wewe ushaishusha."

"Nifanyeje?"

"Usifanye kitu. Iache ianguke."

Niliiacha ianguke. Mara moja, katika mara nyingi, ilianguka pamoja na zao, na ajabu ni kwamba sikuisikia. Ilipotea ndani ya sauti ya wote. Kisha nikatangulia tena, wakanicheka, nikarudi jikoni mkono unaniwasha.

Siku ile nilikaa na ungo karibu na bibi yangu nikachagua mchele punje kwa punje, na huko juu wanapiga. Sikufanya hivyo kwa kutubu. Nilitaka tu kukaa kimya ili nijue kimya kile cha pumzi moja kinakuja baada ya mapigo mangapi. Nilihesabu nikapata kumi na sita. Nikahesabu tena nikapata kumi na nane. Kumbe walikuwa wakirefusha kwa kadiri ya maneno. Nilipomwambia bibi yangu akasema, "Sasa mchele huo umekwisha, mtoto, unachagua ungo mtupu." Ulikuwa kweli umekwisha.

Tangu hapo nikaanza kusikia vitu ambavyo vilikuwepo siku zote. Jirani yetu Baniani alikuwa na kikengele alichokigonga asubuhi kwenye ibada yake. Nilikuwa nimekaa karibu naye tangu kuzaliwa, na sikuwahi kujua kuwa hukigonga kwa haraka mwanzoni, kisha hupunguza, mpaka ukadhani amesahau, ndipo kinalia mara moja ya mwisho. Watoto wa chuoni wakisoma Kurani kwa pamoja, mmoja alikuwa anachelewa kwa neno moja kila aya, na sauti yake ya nyuma ilifanya kama mkia. Muuza kahawa alipopita akigonganisha vikombe, wapiga sakafu walimpisha. Nilidhani nimekosea. Kesho yake nikapanda dirishani kuhakikisha, na kweli, alipofika chini ya nyumba yetu wao walilegeza fimbo, yeye akagonga vikombe vyake katikati yao, wakaendelea pamoja mpaka akapinda kona. Hawakuonana hata kidogo. Yeye alikuwa chini kichochoroni, wao juu kwenye sakafu.

Kila siku baada ya kupeleka chakula nikawa nakaa juu kidogo, mgongo kwenye ukuta, nikiuliza. Nilimchosha yule mkubwa wao. Nilimuuliza nani anatunga maneno. "Mdomo tu," akasema. Nilimuuliza wanajuaje sakafu imeiva.

"Inasema."

"Inasemaje?"

Akapiga fimbo mahali palipokuwa bado na unyevu. "Pu. Hiyo mbichi." Akajisogeza akapiga pale walipoanzia. "Ti. Hapa panaanza kuiva. Umesikia?"

Sikusikia tofauti yoyote. Nikamwambia kweli, sikusikia. Hakunieleza zaidi, alikuwa na kazi. Siku ya saba nikajaribu kwa kufumba macho, nikasikia fimbo na watu wanakohoa. Siku ya tisa nilikuwa wala sijaribu. Nilikuwa nakusanya masinia, wao wamerudi kazini, na safu ikisogea kutoka katikati kwenda pembeni nikasikia sauti inabadilika chini ya fimbo zao, kama mtu anayezungumza anapotoka barazani akaingia ndani ya nyumba. Nikasimama na masinia yangu. Walipogeuka wakarudi katikati, ikabadilika tena. Nilitaka kumwambia mtu, lakini wote walikuwa wanaimba.

Siku ya kumi na moja baba alipanda. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa mashambani, upepo umegeuka, na alikuwa na wasiwasi mvua itamkuta. Alitembea juu ya sakafu, akaigonga kwa kisigino.

"Hii tayari," akasema. "Leo mmalize, kesho fundi apake juu."

"Bado, bwana," akasema yule mkubwa wao. "Hapa katikati tupe siku moja."

"Mimi naona ni sawasawa yote."

"Baba," nikasema, "siyo katikati tu. Pale pembeni, kwenye mfereji wa kutolea maji ya mvua, bado panasema pu."

Baba alinitazama kana kwamba nimezungumza Kihindi. Yule mwanamke naye akanitazama, na usoni mwake sikuona kama amefurahi. Alikwenda mpaka pembeni, akachutama, akapiga mara tatu. Akapiga mahali pengine kulinganisha, akarudi, akapiga tena. Kisha akakandamiza kwa kidole gumba, na kidole kikaacha alama.

"Hapa tulipapita," akasema polepole. "Tulikuwa tunapisha ngazi ya mafundi iliyokuwa imebaki hapa."

Baba alitazama ile alama ya kidole. Kwenye mfereji ndiko maji yote ya sakafu yanakokusanyika. "Pigeni," akasema, akashuka. Jioni alipoketi kula aliniuliza, "Hiyo pu uliisikia kwa nani?" nikamweleza, akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si desturi yake.

Walipiga siku mbili zaidi. Mvua ndogo ilipita siku ya kwanza, tukatandaza majamvi na kila mkeka tuliokuwa nao. Siku ya pili baba alichinja mbuzi, nikapika pilau, nikalisimamia mpaka mwisho, na nakiri nilikuwa nangoja kuimbwa tena. Nilikaa mlangoni. Waliimba juu ya mwenzao mmoja aliyepoteza kiatu darajani, kimoja tu, na nani atakuwa amekiokota na atakifanyia nini. Walikuwa wanajifuta machozi kwa kucheka. Pilau walilila lote.

Masika yalipoingia hasa, nililala mchana chumbani kwa bibi yangu, wote wawili tunatazama dari. Mvua ilipiga juu kwa muda mrefu. Chumbani hapakuingia kitu. Palivuja tone moja tu, kwenye mlango wa ngazi, ambapo fundi wa mawe alikuwa ameacha ufa, na hilo halikuwa la wapiga sakafu.

Mvua zilipopungua nikamwomba bibi yangu anipe mtu wa kunisindikiza, nikavuka daraja kwenda Ng'ambo kumtafuta yule mwanamke. Nilikuwa na swali ambalo lilinisumbua. Nilimkuta kwenye kibanda cha makuti, amekaa kwenye kibao, mkono wa kulia ameulaza mapajani kama kitu kisicho chake. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Wakati ule mtoto wa nyumba kama yetu hakumwamkia hivyo mtu kama yeye. Akajibu, "Marahaba."

Nilimpa sukari na majani ya chai aliyotuma bibi yangu. Kisha nikamuuliza kama yeye naye husikia hivyo siku zote, popote anapokwenda, vikombe vya kahawa na chuoni na mvua, au ni mimi peke yangu.

"Mimi?" akasema. "Mimi nikisikiliza nakosea. Napiga tu." Kisha akacheka kidogo. "Wewe ulikuwa umekaa, mwanangu, ndiyo maana ulisikia. Sisi tunaimba ili siku iishe. Ile pembe nisingeisikia, nshachoka siku ile, mkono ulikuwa umekufa kabisa."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Siku kumi nilikaa nikiutazama mkono ule na sikuwahi kujiuliza unauma wapi. Nikamuuliza sasa. Akashusha kanga akanionyesha bega, likiwa limevimba nyuma karibu na shingo.

"Una mafuta?" nikamuuliza.

"Ya nazi, kwenye kile kibuyu."

Nikayapasha moto kidogo kwenye jiko lake, nikakaa nyuma yake nikaanza kumkanda. Alinielekeza pale panapouma, chini kidogo, hapo. Kuku walikuwa wanaparua uwanjani, na jirani mmoja alikuwa anatwanga. Nilimkanda mpaka ilipoadhiniwa adhuhuri, nikanawa mikono, nikamuaga, nikarudi mjini.